Insha ya mkataba wa 1873: tarehe ninazo, jibu linakosekana wapi?

Mwanafunzi_Wete ameuliza:

Assalaam alaykum walimu na ndugu zangu. Nasoma Kidato cha Tatu, Pemba. Swali letu la insha ni hili: "Mkataba wa mwaka 1873 ulikomesha utumwa Unguja na Pemba. Jadili." Alama 15. Aya yangu kuu hii hapa:

"Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa. John Kirk alikuwa mwakilishi wa Uingereza. Mwaka 1872 kulitokea kimbunga kikubwa. Mwaka 1897 utumwa ulikomeshwa. Kwa hivyo mkataba ule ulikuwa na umuhimu mkubwa sana."

Pembeni mwalimu kaandika: "Unasimulia, hujibu." Kila sentensi nimeihakiki kitabuni na ni ya kweli. Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, aya hii inatengenezwa vipi? Pili, kitabu kimoja kinasema mkataba wa Hamerton ni wa 1845, chengine 1847. Niandike upi? Tatu, tumepewa kazi ndogo ya kuwahoji wazee wa kijijini juu ya mada hii hii. Tunaanzia wapi?

Maalim_Mkoani amejibu:

Wa alaykum salaam mwanangu. Mwalimu wako kakusoma vizuri, na maneno yake mawili yanatosha kukutengenezea insha nzima.

Fanya jaribio hili. Chukua sentensi ya kimbunga uipeleke mwisho, ya Kirk uilete mwanzo. Aya haiharibiki. Sasa aya ambayo sentensi zake zinahamahama bila kuumia, ndani yake hamna hoja. Umepanga tarehe, hujaonesha lipi limezaa lipi.

Rudi kwenye swali. Maneno mawili ndiyo yenye uzito: "ulikomesha" na "utumwa". Halikuuliza juu ya biashara ya watumwa. Biashara ni kukamata, kusafirisha na kuuza watu. Utumwa ni hali ya mtu kumilikiwa, hata kama hatauzwa tena maisha yake yote. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yao ya hadhara katika milki ya Sultani. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani Mtambwe au Chake Chake aliamka kesho yake ni mtumwa vile vile. Ukiliona hilo, msimamo wako umeshapatikana: mkataba uliipiga biashara pigo kubwa, lakini utumwa wenyewe haukuukomesha. Sentensi hiyo iweke katika utangulizi, isiwe mbali zaidi ya mstari wa tatu.

Msimamo huo unahitaji kusimamia kitu, na hapa historia yetu ni tajiri. Usikariri mikataba kama orodha ya majina. Kwa kila mmoja jiulize: ulikataza nini, na ukaacha nini?

Mkataba wa Moresby wa 1822 ulimkataza Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na watu wake kuwauzia watumwa raia wa mataifa ya Kikristo. Uliacha biashara ya kwenda Arabuni na ile ya ndani ya milki yake. Wa Hamerton ukakataza kupeleka watumwa Arabuni, ukaacha usafirishaji baina ya bara na visiwa vyetu. Wa 1873 ukaifunga bahari, ukaacha umiliki. Amri ya Sultani Ali bin Said ya 1890 ikakataza kuuza na kubadilishana watumwa, lakini waliomilikiwa wakabaki wanamilikiwa. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ya Aprili 1897, ndiyo iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria. Hata hiyo mtumwa alipaswa mwenyewe kwenda kuomba uhuru wake, mwenye mtumwa akalipwa fidia, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909.

Unaona sasa kwa nini kuandika "1897 utumwa ulikomeshwa" kisha ukamalizia na umuhimu wa 1873 ni kujipinga mwenyewe? Kama ulikomeshwa 1897, basi 1873 haukuukomesha. Ushahidi ulikuwa nao mkononi, hukuutumia.

Na kimbunga nacho kina kazi kubwa kuliko uliyokipa. Cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu vyombo bandarini. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Hapo yametoka mambo mawili. La kwanza, Barghash alikuwa dhaifu kifedha Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipokuja mwanzoni mwa 1873 kumtaka atie saini. Alikataa, na hasara ya kimbunga ilikuwa moja ya hoja zake. Alikubali Kirk alipomfikishia tishio la kuizingira Zanzibar kwa manowari. La pili, uzito wa karafuu ulihamia Pemba, na mkarafuu mpya huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa vizuri. Kupanda, kupalilia na kuchuma kulihitaji watu wakati ule ule njia ya halali ya kuwaleta ilipofungwa.

Aya yako naiandika hivi, uone sentensi zinavyoshikana:

"Ingawa mkataba wa 1873 ulifunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa baharini, haukupunguza haja ya wafanyakazi wa mashamba ya karafuu. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuibakisha ya Pemba, hivyo wenye mashamba wa Pemba walihitaji watu zaidi. Matokeo yake biashara iliendelea kwa siri. Mwaka 1881, miaka minane baada ya mkataba, Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London aliuawa karibu na Pemba alipolisimamisha jahazi lililobeba watumwa. Mkataba uliifanya biashara kuwa haramu na ya hatari, lakini haukuifuta, wala haukumgusa aliyekwisha kuwa mtumwa."

Jaribu kuihamisha sentensi yoyote hapo. Haihami. Angalia pia kwamba jina la Kirk halimo: aya hii haimhitaji. Mahali pake ni aya inayoeleza kwa nini Barghash alikubali.

Upande wa pili usiuruke, maana neno ni "jadili". Andika aya moja ya haki kabisa kuhusu mkataba ulichofanikiwa: soko lilifungwa kweli, na mwaka 1876 Barghash akatoa matangazo ya kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiwatembeza watu pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini kukwepa bahari. Kisha rudi kwenye msimamo wako.

Ukutani_Mjini amejibu:

Maalim kasema kweli, ila nina nyongeza moja juu ya Brownrigg. Tukio moja halithibitishi mazoea. Msomaji mkali atasema lile lilikuwa jahazi moja tu. Libane na ushahidi wa aina nyengine. Manowari ya London iliwekwa bandarini Zanzibar miaka ya 1870 hadi 1883, mashua zake zikitumwa kukagua majahazi. Serikali haigharimii meli na mamia ya mabaharia kuifukuza biashara iliyokwisha. Ongeza na jiografia: mkondo baina ya Pemba na bara ni kiasi cha kilomita 50, jahazi lenye upepo mzuri linauvuka usiku mmoja. Sentensi mbili hizo zinaibeba aya.

Jengine ambalo wanafunzi hawalitumii: jahazi lililomuua Brownrigg lilipeperusha bendera ya Ufaransa. Hiyo yenyewe ni sababu inayoeleza kwa nini mkataba wa Sultani na Uingereza ulikuwa na tundu. Chombo chenye bendera ya taifa jengine hakikaguliwi kirahisi na manowari ya Kiingereza.

Sasa tarehe. Hamerton: ulitiwa saini Oktoba 1845, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1847. Vitabu vyote viwili viko sawa, kila kimoja kimechagua tukio lake. Andika "uliotiwa saini 1845 na kuanza kutumika 1847" na hakuna atakayekukata alama. Kila ukikuta tarehe mbili zinagombana, anza kwa kuuliza kama moja ni ya saini na nyengine ya utekelezaji. Mara nyingi mgogoro unaishia hapo.

Aina ya pili ya ugomvi ni jambo lililochukua miaka. Sayyid Said kuhamishia makao Unguja: utaona 1832, utaona 1840. Alikuwa akija na kukaa, akirudi Maskati, mpaka makao yakatulia hapa. Mwaka mmoja hautoshi kulieleza. Andika "katika miaka ya 1830, na kufikia 1840 Zanzibar ilikuwa makao yake makuu". Ikiwa swali la kuchagua linadai mwaka mmoja, fuata kitabu chenu cha kiada.

Aina ya tatu ni Hijria na Miladia. Maandishi ya kibla cha msikiti wa Kizimkazi yanataja mwaka 500 Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622: 485 na 622 ni 1107. Ndiyo tarehe ya vitabuni. Kanuni hii inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 na mwanzo wake unahama. Hivyo ukikuta hati ya Kiarabu ya 1290, utapata 1873, lakini bila mwezi usiape kwamba haikuandikwa mwanzoni mwa 1874. Kosa linalowakuta wengi ni kujumlisha 622 bila kuzidisha kwanza. Kwa 1290 utapata 1912, tofauti ya karibu miaka 40.

Bi_Mtambwe amejibu:

Mdogo wangu, mimi nijibu hilo la wazee, maana linaharibiwa sana na huwa chungu likiharibiwa.

Kwanza hesabu. Mzee wa miaka 85 leo kazaliwa karibu na 1940. Mwaka 1873 hakuuona, wala babake hakuuona. Ukimuuliza "eleza mkataba wa 1873" atakujibu alichosikia redioni au alichosoma skuli, nawe utakuja kukiandika kama ushahidi wa kijiji. Sicho. Muulize alichokiishi mwenyewe, na aliyoambiwa na bibi na babu zake, ambao huenda walizaliwa miaka ya 1880 na kuendelea.

Kwa hiyo badilisha swali la kazi yako ndogo. Badala ya "historia ya utumwa kijijini kwetu", ambayo ni pana na haina mwisho, andika: "Baada ya utumwa, nani alichuma karafuu za kijiji chetu?" Hili linafungamana na insha yako sawasawa. Baada ya 1897 watu wengi walioachiwa huru hawakuwa na ardhi. Walikaa katika mashamba yale yale, wakilima chakula chao chini ya mikarafuu kwa masharti ya kazi. Na wachumaji wa msimu walikuja Pemba kutoka Unguja. Wazee wanayajua haya kwa mikono yao.

Maswali yawe ya vitu na vitendo. Wachumaji walitoka wapi? Walilipwa kwa pishi (kipimo cha ujazo) au kwa siku? Nani aliyepima, na pishi ilijazwa sawasawa au ilirundikwa juu? Karafuu zilianikwa siku ngapi, kwenye jamvi au sakafu? Makonyo (vikonyo vya karafuu) yalikuwa ya nani, ya mchumaji au ya mwenye shamba? Wageni walilala wapi, nani aliwapikia? Mzee akianza kueleza pishi ilivyojazwa, utapata habari ya uhusiano wa mwenye shamba na mchumaji kuliko ukimuuliza moja kwa moja kama walidhulumiwa. Swali la "walidhulumiwa, sio?" lina jibu lake ndani yake. Usiliulize.

Miaka wazee hawaitaji kwa tarakimu, na si kosa lao. Wape nguzo za kushika: Vita vya Ng'ombe vya 1951, uchaguzi na ghasia za Juni 1961, uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964, ugawaji wa mashamba ya eka tatu tatu uliofuata. "Ulikuwa umeshaolewa wakati wa Mapinduzi?" Kwa swali hilo moja unaweza kuliweka tukio ndani ya miaka miwili mitatu.

Daftari lako lipige mistari liwe na safu tatu: aliyoyaona, aliyoyasikia (na kwa nani), na anayoyaamini. Mzee akisema "watumwa waliletwa usiku pale mkondoni", uliza kwa upole, "Hilo ulihadithiwa na nani, bibi?" Akisema kahadithiwa na bibi yake mzaa baba, liandike safu ya pili pamoja na jina la uhusiano huo. Akisema "wote wanajua", safu ya tatu. Safu ya tatu si takataka, inaonesha kijiji kinakumbuka nini. Ila huwezi kuitumia kuthibitisha kwamba jambo lilitokea.

Hodi ipigwe kwa sheha kwanza, na barua ya skuli muwe nayo. Nendeni wawili: mmoja anauliza, mmoja anaandika. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, na akikataa, zima kweli. Dakika 40 zinatosha. Mzee akichoka huanza kukupa majibu ya kukuridhisha uondoke. Andika upya maelezo siku hiyo hiyo, kabla ya kulala.

Na hili nalisisitiza khasa. Usimuulize mtu asili ya ukoo wake mbele ya watu, na usiandike kwamba familia fulani ni wa asili ya utumwa, hata kama mtaa mzima unasema. Watu wanaoana, wanakaa mlango kwa mlango, na neno kama hilo linaweza kuvunja posa ya mtoto wa watu ambaye hakukosa lolote. Katika kazi yako mtaje hivi: "Mzee wa kike, mkulima wa karafuu, kazaliwa miaka ya 1940, shehia ya fulani, mahojiano ya mwezi na mwaka fulani." Mwalimu anataka kujua msemaji alikuwa na nafasi gani ya kujua. Jina halihitaji.

Mzee mmoja hatoshi. Tafuta wa pili kutoka ukoo mwengine, na ikiwezekana mmoja awe alichuma na mmoja awe mtoto wa mwenye shamba. Wakitofautiana juu ya malipo, usichague mkweli. Ziandike kauli zote mbili, kisha eleza nafasi ya kila mmoja. Hapo ndipo kazi yako inapokuwa historia.

Ukutani_Mjini amejibu:

Bi Mtambwe kamaliza. Nami naongeza juu ya hati na majengo, kwani kanuni ni ile ile. Nyaraka za taifa ziko Kilimani, Unguja. Kama mna safari ya skuli kuvuka huku, andikeni barua mapema mkitaja mada na miaka. "Tunataka historia ya Zanzibar" haimsaidii mhudumu kukutolea jalada. Ukipata barua ya ofisa wa Kiingereza, kabla ya kunukuu jiulize anamwandikia nani na anataka nini. Anayeomba meli zaidi ana sababu ya kuikuza biashara haramu. Anayetaka kusifiwa na wakubwa wake London ana sababu ya kuipunguza.

Kanisa la Mkunazini limejengwa mahali pa soko baada ya soko kufungwa. Ni ushahidi mzuri wa wamisheni walivyotaka 1873 ikumbukwe. Lakini usilieleze jengo lenyewe kana kwamba watumwa waliuzwa ndani yake. Kosa hilo limo katika insha nyingi.

Mwanafunzi_Wete ameuliza tena:

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nimeshaandika upya utangulizi. Jambo moja limebaki: kwenye mtihani haya yote yanaingia vipi kwa muda mfupi, na tunaandika kwa Kiingereza? Na ni kweli lazima hoja ziwe sita?

Maalim_Mkoani amejibu:

Mtihani wa saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100. Swali la alama 15 lina haki ya dakika 27, si zaidi. Dakika nne za mwanzo usiandike insha: piga mstari chini ya maneno mazito ya swali, andika msimamo wako kwa sentensi moja, kisha hoja zako kwa maneno mawili matatu kila moja na ushahidi wake ubavuni. Mpango huo uandike kwa Kiswahili kama ndiko unakofikiri haraka, ukurasa wa nyuma, ukaukate kwa mstari ukimaliza. Dakika 20 za kuandika, zilizobaki za kusoma tena.

Kwa Kiingereza chako, fupisha sentensi. Anayejaribu sentensi ndefu ya kupendeza hupoteza kiima katikati, na msahihishaji hawezi kukupa alama ya hoja asiyoiona. Viunganishi vya sababu na vya kupinga vijue vizuri sita au saba tu, vitatosha insha yoyote.

Hoja sita: soma swali. Likisema "eleza sababu sita", toa sita, na kila moja iwe na jina lake, maelezo na mfano. Hoja iliyotajwa bila maelezo hupata nusu ya inachostahili au chini ya hapo. Likisema "jadili" bila idadi, uliza mwalimu wako anavyosahihisha, lakini mimi ningeandika nne au tano zilizoshiba. Kwa swali lako: njia ya bahari na masoko, umiliki ulioachwa, karafuu za Pemba na magendo, matangazo ya 1876 kama mafanikio, na amri za 1890, 1897 na 1909 kama ushahidi kwamba kazi ilikuwa bado. Hitimisho sentensi mbili, lisilete tarehe mpya.

Lete rasimu hapa ukimaliza. Weka na aya ya upande wa pili, hiyo ndiyo nitakayoianza kuisoma.